Sauti ya mtaa na ushahidi wa tribinali: kipi kishikwe kwanza kesi ya ubakaji ikitokea Lubumbashi

Habari ya ubakaji ikishatoka nje ya nyumba, familia hujikuta na njia mbili mbele yake. Moja ni ya watu: majirani, kanisa, kikundi cha WhatsApp cha kartie (mtaa), wazee wanaokusanyika sebuleni kuamua nani anasema kweli. Nyingine ni ya sheria: OPJ (afisa wa polisi anayepeleleza kesi), daktari, parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), avoka (wakili), majaji. Wengi huingia ile ya kwanza bila kujua kwamba wamechagua, maana haiombi karatasi wala nauli. Tunaziweka hapa kando kwa kando kwa ajili ya mtu mwenye uamuzi wa kufanya leo jioni: mama wa binti, binti mwenyewe, mwanamke mzima aliyebakwa, na pia ndugu wa anayeshutumiwa.

Tutafuata mfano mmoja wa kutunga. Binti wa miaka 16, mkaaji wa Katuba, anasema kijana anayekuja kumfundisha hesabu jioni alimlazimisha kulala naye siku mama alipokuwa sokoni.

Kila upande unauliza nini

Mtaa unauliza tumwamini nani, na jibu lake linajengwa kwa sifa. Kijana anaimba kwaya, amesoma, hajaonekana amelewa. Binti tumemwona na simu mpya. Ndani ya saa chache kila mtu ana upande wake, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ilikuwa saa ngapi, wala nani aliufunga mlango.

Tribinali inauliza vitu vichache, na inavirudia hadi vichoshe. Kwa mtoto ni vitatu: umri, tendo, na mtu aliyelitenda. Sheria ya Kongo (RDC) nambari 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inahesabu kulala na mtu asiyefikisha miaka 18 kuwa ubakaji hata bila nguvu kutumika, kwa hiyo yale maneno ya "walikuwa wapenzi" yanayougawa mtaa nusu kwa nusu hayamwokoi mtu pale. Kwa mtu mzima kuna kitu cha nne cha kuonyesha: kwamba palikuwa na nguvu, vitisho, shinikizo au kushtukizwa, au kwamba ugonjwa au kupoteza fahamu vilimzuia kukubali kwa hiari. Adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 20 na faini isiyopungua frank 100.000. Kiwango cha chini kinaongezwa mara mbili mtenda kosa akiwa mzazi, mwalimu, mtumishi wa afya, mtumishi wa dini au mtu mwenye mamlaka juu ya aliyebakwa. Avoka wa binti wetu atajaribu kuonyesha kwamba kijana yule yumo katika kundi hilo, na hapo hesabu inaanzia miaka 10.

Kwa uzito kama huo, Katiba ya 2006 katika kifungu cha 17 inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi hukumu ya mwisho. Shaka ikibaki, inamfaa yeye.

Kosa kubwa la watu wema ni kutaka kipimo kimoja kwa maamuzi yote. Kumpeleka binti hospitali usiku huu, neno lake peke yake linatosha. Atakayesema "tungoje kwanza tribinali iseme" anamnyima dawa zenye saa zake. Kumzuia kijana asifundishe tena watoto wa avenue hiyo, mashaka yenye msingi yanatosha, na jambo hilo linafanyika kwa kuzungumza na wazazi wachache bila kutangaza. Kumfunga mtu miaka 10 kunahitaji uthibitisho. Anayechoma nyumba ya kijana kwa sababu "tumemwamini binti" ametumia kipimo cha uamuzi wa kwanza kwa uamuzi wa tatu. Anayemwita binti mwongo kwa sababu kijana ameachiliwa amefanya kosa hilohilo kwa kinyume.

Kasi

Hapa mtaa unashinda kwa mbali, na ushindi huo ndio hatari yake. Rekodi ya sauti ya sekunde 40, yenye jina la kijana, jina la avenue na jina la mama wa binti, inaweza kufika Ruashi na Kampemba kabla ya chakula cha usiku. Inamfikia na kijana mwenyewe. Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, ni kama kilomita 90 za lami. Familia ikienda kwa OPJ kesho yake saa nne asubuhi, huenda inamshtaki mtu aliyekwisha vuka.

Upande wa sheria una saa zake pia, ila za polepole. Sheria nambari 06/019, ya siku ileile ya 20 Julai 2006, inamtaka OPJ amjulishe majistra wa parke ndani ya saa 24. Upelelezi wa awali usizidi mwezi mmoja, na kesi ifike kwenye hukumu ndani ya miezi mitatu tangu mamlaka ya sheria ipokee jambo. Kwa Katiba, polisi haiwezi kumkalisha mtu kasho zaidi ya saa 48 bila kumwachilia au kumpeleka mbele ya majistra. Usipange maisha yako juu ya miezi hiyo mitatu. Mashahidi hawaji, faili linalala, vikao vinaahirishwa. Ila ijue tarehe, ili avoka aweze kuidai kwa maandishi.

Angalia pia mlango unaogonga. Raia anashtakiwa parke ya tribinali kuu. Askari jeshi, na hata polisi, kesi yake inaenda kwa oditora ya kijeshi, yaani waendesha mashtaka wa jeshi. Anayeshutumiwa akiwa hajafika miaka 18, ni tribinali ya watoto. Faili lililoanzia mlango usio wake hupoteza majuma.

Saa 72 za kwanza

Mtaa unaweza kuamua hata baada ya mwaka, kwa kukumbuka tu. Ushahidi wa tribinali unaanza kuharibika usiku uleule, na hapa ndipo kesi nyingi hushindwa au kusimama.

Hospitali ni ya kwanza, kabla ya polisi. Dawa za kuzuia VVU zianze kabla ya saa 72 kupita, mapema ndivyo bora, kisha zinamezwa siku 28 bila kuruka. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kinaweza kutolewa hadi saa 120, lakini nguvu yake inapungua kila siku. Kuna chanjo ya hepatiti B na ya pepopunda. Jason Sendwe ni hospitali kubwa ya serikali mjini. Kituo cha afya cha karibu kinaweza kuanza na kumpeleka mbele. Matibabu hayangoji karatasi ya polisi, na muuguzi akisema yanangoja, omba kumwona daktari wa zamu. Karatasi ya OPJ, ile inayoitwa rekizisyo, ni ya kumwagiza daktari aandike sertifika, yaani cheti cha daktari, ya kesi. Kama rekizisyo haijafika, daktari na aandike kila alichokiona ndani ya faili la mgonjwa. Sertifika itatolewa baadaye kutoka humo.

Binti asioge kabla ya kuonwa, ikiwezekana. Kama ameshaoga, aende vilevile. Chupi na nguo za siku hiyo zisifuliwe. Zikiwa na unyevu zianikwe ndani, kivulini, hadi zikauke, halafu kila moja iwekwe peke yake ndani ya mfuko wa karatasi au bahasha kubwa ya kaki. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu, ukungu unaota na kula alama zilizokuwa kwenye kitambaa. Juu ya bahasha andika nguo gani, tarehe, saa, nani ameiweka na nani ameipokea. Bahasha iliyolala katika nyumba tatu bila maandishi itaulizwa nyumba kwa nyumba na avoka wa upande wa pili. Usitundike kesi nzima kwenye kipimo cha DNA, kwa kuwa hakipatikani kirahisi. Kifungo kilichong'oka na shati lililochanika vinasema pia, mradi vilindwe.

Sertifika nayo inasomwa vibaya sana mtaani. Daktari haandiki kwamba mtu "alibakwa". Anaandika mchubuko wa sentimita mbili kwenye paja la kushoto, rangi yake, na kama unalingana na maelezo na muda uliotajwa. Majeraha madogo ya sehemu za siri hupona ndani ya siku chache, na watu wengi waliobakwa hawana jeraha lolote. Kwa hiyo "hakuna jeraha" haimaanishi "hakuna ubakaji". Habari ya kwamba "daktari amekuta bikira bado ipo" ndiyo inayofunga mdomo wa familia nyingi, na haina msingi: mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitangaza kwamba kipimo cha bikira hakina uthibitisho wa kisayansi na kinapaswa kuachwa. Sertifika ikiwa na mstari huo tu, avoka aombe mtaalamu mwingine. Sheria ya 2006 inamtaka majistra au jaji aite daktari na mwanasaikolojia, hata familia isipoomba.

Halafu umri. Familia inasema "ana 16, kila mtu anajua", na faili linakwenda bila karatasi. Umri usipothibitishwa, kesi ya mtoto inaweza kugeuka ya mtu mzima, na hapo binti atatakiwa kuonyesha nguvu na vitisho ambavyo sheria haikumdai. Tafuta cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, peleka kadi ya chanjo, kadi ya ubatizo na buleti (ripoti) za shule, na umuulize avoka kuhusu hukumu ya tribinali ya kuthibitisha kuzaliwa. Kadi yenye mwaka uliokwanguliwa ni mbaya kuliko kukosa kadi, maana inachafua na zile zilizo safi.

Simu isifutwe kitu. Picha za skrini ni nzuri, lakini simu yenyewe ina uzito zaidi. Zima ile mipangilio ya ujumbe unaojifuta. Ujumbe wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money unaoonyesha kwamba siku mbili baadaye kijana alimtumia binti au mjomba wake pesa za "samahani" una tarehe, saa, kiasi na namba. Mara nyingi ndio ushahidi mkavu kuliko wote faili linaoupata.

Mwisho, PV, karatasi ya maelezo anayoiandika OPJ. Binti ataulizwa kwa Kiswahili na OPJ ataandika kwa Kifaransa. Kabla ya kutia sahihi, aombe asomewe tena kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, na kosa lisahihishwe palepale. Aseme kilichotendeka kwa majina yake, kiungo na tendo, hata kama ni aibu mbele ya mtu mzima. "Alinifanyia mabaya" inaweza kuandikwa kuwa kushikwashikwa, na shtaka linashuka kutoka ubakaji hadi kosa lenye adhabu nyepesi. Avoka ana haki ya kukaa naye katika kila hatua, na baro, chama cha maavoka, ina ofisi ya mashauri ya bure kwa asiye na uwezo.

Sasa rudi kwenye ile rekodi ya sekunde 40. Kila mara binti anaposimulia, kwa shangazi, kwa pasta, kwa kikundi cha wamama, maelezo yanatoka tofauti kidogo, kama yanavyotoka kwa mtu yeyote mwenye maumivu. Mtaa hausikii tofauti hizo. Avoka wa upande wa pili atazikusanya zote. Mtu mmoja wa kumsindikiza anatosha, na wengine waambiwe tu kwamba yuko hospitalini.

Uzito wa kitu kilekile

Mambo yanayoangusha binti mtaani, sheria imeyatoa mezani kwa maandishi. Kifungu cha 14 ter cha sheria 06/019 kinasema kukubali hakudhaniwi kwa sababu mtu alinyamaza au hakupigana, na tabia yake ya zamani ya mapenzi haiwezi kumwondolea mshtakiwa hatia wala kumfanya binti aonekane mwongo. Nguo aliyovaa na wanaume aliowahi kutembea nao havimo. Jaji akiyaruhusu maswali hayo, avoka na asimame na kukitaja kifungu kwa namba.

Kwa kinyume, kuna mambo yanayomaliza ubishi mtaani ambayo tribinali haitayapokea. La kwanza ni kukiri mbele ya kundi. Kijana aliyepigwa na umati akasema "ndiyo, nilifanya" hajathibitisha kitu. Amekiri ili wasimwue. Sasa yeye ndiye mwenye malalamiko ya kupigwa, nguo zake zilizopaswa kupimwa zimechanika na kujaa damu yake mwenyewe, na mashahidi wa binti wanajificha kwa sababu nao wanatafutwa. Hakuna kitu kinachomfaa mbakaji wa kweli kuliko umati.

Mashariki ya nchi imetupa mifano miwili ya kuangalia kwa makini. Novemba 2012, askari wa jeshi waliokuwa wamekimbia kutoka Goma walibaka wanawake wengi Minova. Hakuna mtu wa pale aliyekuwa na shaka kwamba ilitokea. Kesi ilisikilizwa na mahakama ya kijeshi, washtakiwa 39, na hukumu ya tarehe 5 Mei 2014 iliwakuta askari wawili tu na hatia ya ubakaji. Wengi wa waliohukumiwa walihukumiwa kwa makosa mengine, hasa uporaji. Tendo lilijulikana, ila kumuunganisha askari fulani na mwanamke fulani, kwa watu waliovamiwa na wenye sare zilizofanana, kulishindikana. Kitu cha tatu katika vile vitatu, mtu aliyelitenda, kilikosekana.

Kavumu, karibu na uwanja wa ndege wa Bukavu, wasichana wadogo kama 40 walichukuliwa usiku kutoka majumbani na kubakwa kati ya 2013 na 2016. Kwa muda mrefu kila kesi ilitembea peke yake. Zilipounganishwa, mpangilio ulionekana: njia ileile ya kuingia, majeraha ya namna ileile, madaktari walewale wa hospitali ya Panzi waliokuwa wameandika kila kitu. Mahojiano ya watoto yalirekodiwa kwa video ili wasisimame kizimbani. Tarehe 13 Desemba 2017 watu 11, akiwemo mbunge wa jimbo, walihukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa dhidi ya ubinadamu, na rufaa ya 2018 ikathibitisha. Kelele za wazazi na mashirika zilikuwa na kazi yake: zilisukuma wenye mamlaka waunganishe mafaili. Lakini faili zenyewe zilikuwepo kwa sababu daktari aliandika usiku uleule.

Kwa ndugu wa mshutumiwa

Msijibu rekodi kwa rekodi. Kueneza jina au picha ya binti kunamwongezea kijana matatizo, hata kama hana hatia. Tafuteni avoka kabla ya kuulizwa mara ya kwanza. Andikeni saa alizokuwa wapi na nani alimwona, na mtunze simu yake bila kufuta kitu, maana simu iliyofutwa inasomwa kama ya mtu anayeficha. Sheria ya makosa ya jinai inaadhibu kumtangazia mtu mambo ya kumvunjia heshima, na pia kumshtaki mtu kwa uongo kwa nia mbaya. Hiyo ya pili isitumiwe kama tisho: kuachiliwa kwa sababu ya shaka hakumaanishi binti alidanganya.

Wala msipeleke mbuzi.

Kupatana

Njia ya tatu huwa inanong'onwa sebuleni: pesa kidogo, mbuzi, ahadi ya ndoa, na jina la familia linabaki safi. Inaonekana ya haraka na ya amani. Kisheria haifungi kesi, kwani parke inaweza kuendelea hata familia ikiondoa malalamiko, na faini ya kumalizana haizimi mashtaka ya ubakaji. Kumwoza binti huyo kwa nguvu ni kosa jingine, la mzazi mwenyewe, lenye kifungo cha mwaka 1 hadi 12. Kwa upande wa binti hakuna hata hesabu ya kufanya: pesa inakwenda kwa wajomba, yeye anabaki na mwanamume.

Tungechagua vipi

Ndani ya saa 72, chagua hospitali na kimya. Kimya hicho si cha kuficha kosa, ni cha kumzuia mtu asivuke Kasumbalesa na cha kulinda maelezo ya binti. Baada ya mtu kukamatwa na PV kutiwa sahihi, sauti ya watu inaanza kufaa, ikielekezwa kwa ofisi na siyo kwa majina: faili namba fulani limelala parke tangu mwezi jana, kikao kimeahirishwa mara tatu, kwa nini? Barua yenye tarehe iliyopokelewa na kupigwa muhuri inafanya kazi kuliko ujumbe mia. Katika chumba cha tribinali, binti au parke anaweza kuomba kikao kisikilizwe kwa faragha, na ombi hilo lifanywe kabla hajaanza kusema.

Kuna wakati njia ya sheria haitamfaa mtu, na mwanamke mzima ana haki ya kuamua kwamba anataka dawa na mtu wa kuzungumza naye, basi. Faili lake la hospitali libaki limeandikwa vizuri hata hivyo, akija kubadili nia baada ya miezi.

Hukumu ikitoka, rufaa ina siku 10. Hesabu zinaanza bila kungoja nakala ya hukumu ichapwe, kwa hiyo avoka awe ofisini kwa karani juma hilohilo. Kupata fidia iliyoandikwa ndani ya hukumu ni safari nyingine: kuna ada za kulipa kabla ya hukumu kutekelezwa, na ndizo zinazowakwamisha wengi. Omba mapema cheti cha kutokuwa na uwezo, wakati kesi bado inaendelea na kabla ya siku ya hukumu.